Mketipo na Mtembeapo
Kila Desemba mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa Wachaga wanaorudi Marangu, Machame na Rombo. Zawadi ni nyingi, lakini bibi aliyewangoja kihambani mwaka mzima mara nyingi huambulia salamu za haraka.

Soma Kumbukumbu la Torati 6:7. Mungu anamwagiza mzazi kuwafundisha watoto wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Agizo hili halihitaji fedha. Bakuli la mtori huwaketisha wote pamoja. Sabato alasiri, matembezi kandokando ya mfereji uliochimbwa na mababu humfanya mtoto aulize maji yatoka wapi. Hapo ndipo Muumbaji hutajwa.

Januari wataondoka. Je, bibi atabaki na kitenge tu, au pia na wajukuu waliomsikiliza?