Mbwa wa Chuma Langoni: Nani Ataulizwa?

Sisi wa Texas tunajuana kwa kazi zetu za kwanza. Wapo walioanza kwa kuosha vyombo hotelini, wapo walioanza kwa kutunza wazee, na wapo wengi walioanza kwa lindo. Kubeba boksi, kama tulivyozoea kusema, kuna namna nyingi, na mojawapo ni kukaa kibandani usiku kucha, chupa ya chai ubavuni, kitabu cha shule mapajani, ukiangalia uzio wa mali ya mtu usiyemjua. Kuanzia Fort Worth na Dallas mpaka Houston, ukiwakusanya Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo kwenye arusi au msiba, hukosi mtu aliyevaa sare ya mlinzi, au aliyeivua juzi tu.

Siku hizi kwenye mikusanyiko hiyo yamezuka mazungumzo ya mbwa wa chuma anayepiga doria badala ya askari. Mzee wetu mmoja, Mzanzibari wa Houston, alituchekesha baada ya futari. Alituuliza, "Hebu niambieni wanangu, mbwa huyu akinilamba kanzu, nayo niioshe mara saba?" Kijana mmoja akamjibu, "Hana ulimi, mzee wangu, ana betri." Tulicheka sana. Lakini tulipokwisha kucheka, swali lilibaki palepale: kama si mnyama na si mtu, basi tumweke wapi? Na kazi anayoifanya, je, ni ulinzi kweli?

Kwanza tueleze kinachozungumzwa, kwa faida ya wasiokiona. Kampuni ya Boston Dynamics ya Massachusetts ilianza kumuuza mbwa wake aitwaye Spot kwa wafanyabiashara wa Marekani mwezi Juni 2020, kwa dola 74,500. Ana uzito wa kilo 32 hivi, ana miguu minne, anapanda ngazi, anatembea kama dakika 90, kisha anarudi mwenyewe mahali pake pa kuchajiwa. Habweki wala haumi. Kazi yake ni kuona na kupeleka picha kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo, pengine mji mwingine kabisa. Huko Utah, kampuni ya Novva ni miongoni mwa zilizowaweka mbwa hawa kwenye kituo cha data. Na hapa Texas, mwaka 2022, wizara ya usalama wa ndani ya Marekani ilitangaza kwamba ilikuwa ikiwajaribu mbwa wa namna hiyo, wa kampuni nyingine, kule El Paso kwa ajili ya doria za mpakani.

Vituo vya data ni mahali panapomfaa sana mbwa huyu: majengo makubwa mno, uzio mrefu, watu wachache ndani, na mali yenye thamani isiyosemeka. Na eneo letu la Dallas na Fort Worth ni mojawapo ya maeneo yenye vituo vingi zaidi nchini. Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, ilifungua kituo chake Fort Worth mwaka 2017. Google wanacho Midlothian, kusini ya Dallas. Kule Abilene, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kuelekea magharibi, unajengwa mradi wa Stargate uliotangazwa Januari 2025 na OpenAI, Oracle na SoftBank. Abilene hiyohiyo ndiko walikopelekwa ndugu zetu wengi wakimbizi wa Kongo, na Kiswahili kinasikika madukani. Hatudai kwamba kila kituo kati ya hivi kina mbwa wa chuma. Tunasema tu kwamba mlango ambao zamani ungemwajiri mmoja wetu, sasa una mwombaji mwingine wa kazi.

Tupige hesabu, maana tajiri naye huipiga. Lindo moja la usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki, yaani zaidi ya watu wanne wanaofanya saa 40 kila mmoja. Tuseme kila saa inalipwa dola 15. Hizo ni dola 2,520 kwa wiki, na kwa mwaka ni dola 131,040, bila bima wala likizo. Mbwa wa dola 74,500, hata ukiongeza matengenezo na wa kumsimamia kwa mbali, haumwi, haombi ruhusa ya msiba, hasinzii saa kumi za alfajiri. Kwa hesabu hiyo tajiri hana haja ya kushawishiwa.

Basi jibu la kwanza linalotujia ni kulalamika: wanatunyang'anya riziki. Ni lalamiko la haki, maana watu wanne wa lindo moja ni ada za shule za watoto wangapi huko Kigoma, Kisii au Bukavu? Lakini tuseme kweli. Nani kati yetu alimwombea mwanawe awe mlinzi wa usiku? Kazi hii imewaharibu watu migongo na ndoa. Na si mara ya kwanza kwa mashine kuchukua mzigo wa mtu. Makuli wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam walibeba magunia kwa mgongo, kisha makontena na winchi zikaja, na leo hakuna anayetaka mgongo wa baba yake urudi chini ya gunia. Kama hoja yetu ni riziki tu, dawa yake ni riziki nyingine. Swali la maadili ni zito kuliko hilo, nalo ni hili: mlinzi ni nani hasa?

Turudi nyumbani kidogo. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, lori lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Waliokuwa pale langoni walikuwa walinzi Wakenya wa kampuni binafsi, hawana bunduki. Mlinzi aliambiwa afungue, akakataa. Alirushiwa guruneti, risasi zikapigwa, naye akakimbia huku akijaribu kuita msaada kwa simu ya upepo. Bomu lililipuka, na watu 213 wakafa. Lakini lori lile halikuingia kwenye gereji iliyo chini ya jengo. Dakika chache tu kutoka hapo, Dar es Salaam, lori jingine lilizuiwa langoni kwa ubalozi, na miongoni mwa watu 11 waliouawa walikuwemo walinzi wa lango.

Mlinzi wa Nairobi alifanya mambo mawili ambayo hayamo kwenye bei ya saa. Alisema "hapana" mwenyewe, kwa akili yake, akijua anaweza kufa. Na alisimama mahali pamoja na wale aliowalinda, ili kitakachowapata wao kimpate na yeye. Waislamu miongoni mwetu watamkumbuka mbwa wa watu wa pangoni katika Sura ya Kahf, aliyenyosha miguu yake kizingitini wenzake walipolala. Huyo alilala pamoja nao. Mbwa yule, na mlinzi yule, walikuwa ndani ya hatari ileile. Mbwa wa chuma akivunjika, hununuliwa mwingine.

Hapo msomaji mwenye akili atatupinga, na tunampa nafasi yake. Atasema: mnasifu nini? Mnasifu maskini asiye na silaha kusimamishwa mbele ya lori la bomu kwa mshahara mdogo? Ingekuwa heri mashine ingesimama pale, watu wale wakarudi kwa watoto wao. Na walinzi wangapi wamelala, wamehongwa, wamefungulia wezi? Mashine haihongwi.

Ni kweli, na hatuna jibu la kulipangua lote. Hatari yenyewe, tunakubali, mashine iibebe. Roboti ikatembee gizani, ikanuse moshi, ikasimame mbele ya lori. Hakuna utu katika kumfanya mtu kuwa ukuta. Tunachokataa ni kwamba, mashine ikishaibeba hatari, na dhamana nayo ibebwe na mashine.

Mfano tunao hapahapa Dallas. Usiku wa tarehe 7 Julai 2016, mtu mmoja aliwaua polisi watano katikati ya mji, kisha akajifungia kwenye chuo cha El Centro. Alfajiri ya siku ya pili polisi walimpelekea roboti iliyotengenezwa kwa kutegua mabomu, safari hii ikiwa imebeba bomu, nayo ikamuua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa polisi wa Marekani kuua mtu kwa roboti. Wapo waliosema ni haki, wapo waliogutuka. Lakini mkuu wa polisi, David Brown, alisimama hadharani na kusema kwamba yeye ndiye aliyeidhinisha, na kwa nini. Ukikubali au ukikataa, ulikuwa na mtu wa kumwuliza. Nani atasimama hivyo kwa ajili ya mbwa wa kwenye uzio? Kampuni iliyomtengeneza? Iliyomkodisha? Yule kijana wa mbele ya kioo, mji mwingine, anayesimamia viwanja kumi kwa usiku mmoja?

Tufikirie jambo dogo, maana mengi ya ulinzi ni madogo. Mwanamke gari lake limezimika saa nane za usiku kando ya uzio, simu haina chaji, naye anakwenda kwenye taa. Askari aliye binadamu ana amri ya kutomruhusu mtu. Lakini anaweza kumtazama usoni, akamwita fundi, akampa kiti na maji, kisha asubuhi akalieleza jambo hilo kwa mkubwa wake. Anaweza pia kumfukuza, na tukamlaumu kwa jina lake. Mbwa wa chuma atampiga picha. Tayari mwaka 2017 kule San Francisco shirika moja la kutunza wanyama lililaumiwa kwa kuweka roboti ya ulinzi iliyozunguka kando ya barabara ambako watu wasio na makazi walikuwa wakilala. Kuwahudumia wanyama halisi huku mashine ikiwaondosha binadamu, hilo liliwauma watu wengi.

Tena angalieni sheria. Hapa Texas, mmoja wetu akitaka leseni ya ulinzi, serikali humchukua alama za vidole na kuchungua maisha yake. Ni usumbufu, ila una maana: jamii inasema, wewe tunakukabidhi lango, kwa hiyo tunataka kukujua. Mbwa hana vidole. Basi na achukuliwe alama za vidole mtu anayemtuma, jina lake na namba ya simu viandikwe langoni kwa herufi kubwa, na awe mtu anayeweza kufika pale kwa miguu yake. Hilo si kubwa kuliomba kwa madiwani wa miji yetu, na kati yetu wapo wenye haki ya kupiga kura.

Lakini tusimalize kwa kuwanyoshea wengine kidole. Wengi wetu tumejenga nyumbani, wengine Mbezi, wengine Kitengela. Tumefunga kamera, na usiku wa Dallas tunafungua simu kutazama geti letu kule ambako ni mchana. Tunamwona mlinzi akikaa kivulini, tunampigia simu ndugu: "Mwambie yule ainuke." Yule. Kibanda chake hakina choo, mshahara wake unachelewa kila Western Union inapotuletea matatizo, na kamera tumeinunua kwa bei ya mishahara yake kadhaa. Kumbe yule mtu wa mbele ya kioo, mji mwingine, ni sisi. Tulimfanya mlinzi wetu mbwa wa chuma kabla wenye vituo vya data hawajamnunua wa kwao.

Kwa hiyo kabla hatujawaandikia madiwani wa Dallas na Houston, tuanze na simu moja nyumbani. Tumwulize mlinzi wetu anaitwa nani, ana watoto wangapi, na mara ya mwisho alilipwa lini. Tukishindwa kulijibu hilo kwa lango letu wenyewe, sijui tutawauliza nini wenye malango makubwa.