Mama Aliyegusa Pindo
Neno kwa Sikukuu ya Mtakatifu Luka



Tarehe 18 Oktoba Kanisa laadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Luka Mwinjilisti, ambaye Mtakatifu Paulo, mwishoni mwa waraka wake kwa Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu. Padri ametuomba sisi akina mama wanne tuandike maneno machache kwa ajili ya siku hiyo. Sisi si wahubiri. Mmoja wetu alifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, naye ndiye aliyeshika kalamu. Wa pili ni mkulima, wa tatu mshonaji wa nguo, wa nne huuza samaki wa kukaanga sokoni. Kinachotuunganisha ni kwamba sote tulipata kansa, sote tulitibiwa, na hadi leo tunaishi.

Twaomba kila msomaji afungue Injili ya Luka, sura ya 8, kuanzia mstari wa 40. Hapo pana habari ya mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Alipita nyuma ya Bwana katikati ya msongamano, akagusa pindo la vazi lake, akapona. Marko naye anaisimulia habari hiyo, na anasema wazi kwamba waganga wengi walimtesa mama huyu na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka anapunguza ukali. Yeye anasema tu kwamba hakupatikana wa kumponya. Twadhani alikuwa akiwatetea wenzake wa kazi, wala hatumlaumu. Walimu nao hutetea walimu.

Lakini kwa nini alipita nyuma? Soma Walawi sura ya 15. Mwanamke mwenye damu isiyokoma alihesabiwa kuwa najisi, na kitanda chake najisi, na kila aliyegusa vitu vyake alipaswa kuoga na kufua nguo. Fikirini miaka kumi na miwili ya kukaa peke yako, ya kutokuketi na wenzako kula. Huyu mama hakuogopa ugonjwa tu, aliogopa watu. Na yule kati yetu aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi asema kwamba alipoisoma sura hii wodini alilia, kwa maana ugonjwa wake ulianza hivyo hivyo, kwa damu iliyokuja bila wakati wake, na kwa harufu iliyomfanya aketi kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango.

Sasa tazameni Bwana alivyofanya. Yairo yuko pale, binti yake yu mahututi, kila dakika ina thamani. Mtu yeyote angesema: huyu mama amekwisha kupona, aende zake kwa amani, sisi tuharakishe. Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa. Petro anaona swali hilo halina maana, watu wakiwa wanasukumana namna ile. Lakini Bwana hasogei mpaka yule mama ajitokeze, akitetemeka, na kueleza mbele ya watu wote sababu ya kumgusa na jinsi alivyopona.

Tumelizungumza jambo hili mara nyingi. Je, Bwana alitaka kumwaibisha? Hata kidogo. Mwili wake ulikuwa umepona, lakini jirani zake hawakujua. Angerudi nyumbani mzima, nao wangeendelea kumkwepa kama jana. Ilikuwa lazima mambo yasemwe hadharani ili wampokee tena. Tena, nani ajuaye katika umati ule walikuwamo wangapi waliokuwa na ugonjwa wa kufichwa, ambao kwa kumsikia walipata moyo?

Hapo ndipo tunapopata kazi yetu. Mwaka 1974 Mama Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, Mwanglikana mwenzetu wa Kanisa la Episkopo la kule, alionekana ana kansa ya titi. Siku zile huko pia jambo hili lilisemwa kwa kunong'ona. Tarehe 28 Septemba alikatwa titi, naye akakubali taifa lote lielezwe ni upasuaji gani na kwa sababu gani. Wanawake wakamiminika hospitalini kujipima. Wiki chache baadaye mke wa Nelson Rockefeller, aliyekuwa ameteuliwa kuwa Makamu wa Rais, naye akagundua yake. Mama Ford aliishi karibu miaka 37 baada ya siku ile. Alifariki Julai 2011 akiwa na miaka 93.

Nasi hapa Tanzania, siku nne kabla ya Mtakatifu Luka, twamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Hakuna asiyejua kwamba aliugua saratani ya damu. Ugonjwa wa Baba wa Taifa una jina, lakini mazishini kwetu bado twasikia kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, basi, na binti zake wanaondoka kaburini bila kujua wajipime nini.

Watu hudhani kwamba mtu akitoka hospitali mambo yamekwisha. Watatu kati yetu tulikatwa titi, na pamoja nalo zikatolewa tezi za kwapani. Tezi hizo husaidia kuondoa maji mkononi, kwa hiyo zikitolewa mkono waweza kuvimba, hata baada ya miaka kadhaa. Basi kila asubuhi kabla ya chai twasimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo, kama mtoto achezaye buibui, mpaka mkono unyooke juu. Ndoo ya maji twaichukua kwa mkono wa pili. Mkono ule hatuutoi kuchomwa sindano ikiwa mwingine upo, na kisu kikituchanja tukikata mchicha twaosha kwa sabuni papo hapo, maana kidonda kidogo chaweza kuleta uvimbe mkubwa. Mkulima wetu amebadili namna ya kulima: matuta mawili, kisha kivuli, kisha matuta mawili. Wajukuu wake wanamcheka, lakini mahindi yake yameota kama ya wengine.

Wawili wetu twameza kidonge kila siku, na tutakimeza kwa miaka mitano au zaidi. Kinaleta joto la ghafla usiku, hata mtu atupe shuka chini. Wa tatu hakupewa, kwa kuwa uvimbe wake haukuwa wa aina inayolishwa na homoni. Twalitaja hili kwa sababu kuna wanaogawiana dawa kama wanavyogawiana chumvi.

Mshonaji wetu hushona vifuko vya kitambaa laini cha pamba, huvijaza mtama uliooshwa na kuanikwa ukakauka kabisa, uzito upate kulingana na upande wa pili. Mtu akibaki na upande mmoja mzito mgongo humsumbua, na gauni halimkai. Hadai fedha ila ya uzi.

Na hofu ipo, tusidanganyane. Kikohozi cha vumbi, maumivu ya kiuno baada ya kufua, mara moyo wauliza: je, imerudi? Kliniki zetu zilikuwa kila miezi mitatu, kisha sita, kisha mwaka. Usiku wa kuamkia kliniki usingizi hauji. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mwenye kliniki kesho, wenzake humpigia simu saa tatu usiku, tukasali pamoja zaburi za kabla ya kulala. Zaburi ya 91 tunaifahamu kwa moyo. Siku nyingine hatusali, tunaongea habari za bei ya samaki, na hilo nalo lasaidia.

Yule wa nne alipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye hospitali ile iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi mwaka 1996. Alipigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, akiwa na alama zilizochorwa mwilini asizoruhusiwa kuzisugua. Ukimwuliza nini kilimtia nguvu, hataji mahubiri. Ataja bibi mmoja Mwislamu wa kitanda cha pili, aliyeamka alfajiri kutia udhu, na kila alipoteka maji yake aliteka na ya jirani yake.

Siku hizi watu kama sisi huitwa manusura. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kupita neno bila kulitazama. Wengine hutuita wahanga, nasi hatupendi, kwa kuwa mhanga ni sadaka iliyokwisha kutolewa. Lakini manusura hutoka katika kunusuru, nako kunusuru kwahitaji mtu wa pili. Hakuna ajinusuruye peke yake hospitalini. Yupo aliyemwaga damu yake kwenye chupa, yupo aliyeuza mbuzi, yupo muuguzi aliyekesha.

Hapa inatubidi tuseme neno zito. Tulikuwa watano. Mwenzetu wa tano alikuwa na uvimbe mdogo kuliko wetu sote, na dozi zake za sindano zilikuwa zikiendelea vizuri. Akaalikwa kwenye mkesha wa maombi mahali fulani, mhubiri akamwambia kwamba amekwisha kuponywa, na kwamba kurudi hospitali ni kumtilia Mungu shaka. Akaacha. Aliporudi, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini. Tulimzika, na mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la tatu.

Hatuandiki haya kwa kumchukia mtu. Lakini twawaomba mapadri, makatekista na viongozi wa vikundi vya maombi wasome Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20. Mfalme Hezekia anaugua kufa, anageuza uso ukutani, analia na kuomba. Isaya hajatoka uani anarudishwa na habari kwamba mfalme ameongezewa miaka 15. Hapo ahadi ya Mungu imekwisha kutolewa. Na bado nabii anaagiza mkate wa tini uletwe, uwekwe juu ya jipu! Isaya hakuona kwamba dawa inaipunguza ahadi. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa katika ardhi, na mtu mwenye busara hazidharau. Tuombeane, tupakane mafuta, tuwekeane mikono. Na asubuhi mtu apande basi aende kliniki na kadi yake.

Sura hiyohiyo yasimulia pia Hezekia alivyoitumia sehemu ya miaka ile aliyoongezewa: aliwaonyesha wajumbe wa Babeli hazina zake zote. Huwa tunataniana kwamba sisi hatuna dhahabu ya kuonyesha, tuna makovu tu. Basi twayaonyesha. Tumekwenda shule mbili za msingi, tumekaa na akina mama wa madrasa barazani kwao, tumesimama sokoni siku ya gulio. Sokoni ndiko wanakouliza maswali ya kweli.

Twawaambia hivi. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na virusi viitwavyo HPV, na huchukua miaka mingi kukua, kwa hiyo upo muda wa kuiwahi. Muuguzi hupaka siki iliyopimwa, hungoja dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Mara nyingi huweza kutibiwa kabla haijawa kansa. Damu baada ya kulala na mume, au damu baada ya hedhi kukoma kabisa, si uzee wala si uchawi. Chanjo kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kuna wazazi waliowaficha binti zao kwa kusikia kwamba chanjo hii inaharibu uzazi. Haiharibu. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe, na sisi tunaye mmoja wa kuwaeleza.

Na wanaume wasifunge jarida hapa. Kansa ya titi huwapata na wao, ingawa ni wachache, kama mmoja katika mia ya wagonjwa. Tena mara nyingi mume ndiye ashikaye nauli.

Jumapili iliyo karibu na Mtakatifu Luka, baada ya Misa ya pili, tutakaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Mshonaji atakuja na vifuko vyake. Muuguzi wa zahanati ameahidi kuwapo mpaka saa saba, na ataandika majina ya wanaotaka kupimwa, ili waende pamoja na mtu asihofu kuingia peke yake. Asiyependa kuonekana mwembeni na aje jioni nyumbani kwa muuza samaki, apitie mlango wa jikoni. Pale watu huingia na kutoka siku nzima, wala hakuna aulizaye umefuata nini.