Watani wa Igoma

Mtu wa Igoma ana haki gani ya kuililia Yanga? Suali hili huulizwa kwa dhihaka, nami naona linastahiki kuulizwa bila ya dhihaka. Igoma ni kata ya pembezoni mwa jiji la Mwanza, kwenye barabara iendayo Musoma, kabla hujafika Kisesa. Yanga ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1935, na Simba, kwa jina jengine, mwaka uliofuatia. Baina ya Igoma na Jangwani pana zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, siku timu hizo mbili zinapokutana, vibanda vya kuoneshea mpira hujaa, muuza dagaa hufunika meza yake mapema, na jioni utamkuta kijana wa bodaboda amejiinamia juu ya pikipiki yake kama aliyefiwa.

Mwenye kulaumu ana hoja. Mwanza haikukosa timu. Ilikuwapo Pamba, iliyobeba jina la zao lililoilisha kanda nzima, ikateremka daraja, ikakaa nje miaka mingi hata ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Ilikuwapo Toto African, na hiyo nayo ilijulikana zaidi kwa udugu wake na Yanga. Ikaja Mbao FC, timu ya wafanya biashara wa mbao, ambayo mwaka 2017 iliitoa Yanga pale CCM Kirumba na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma, ikafungwa na Simba 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Timu ya nyumbani imefika kilele, na bado wapo wenyeji walioivalia jezi ya mgeni. Je, huo si usaliti? Na uaminifu usio na sababu, uliorithiwa kutoka redio ya baba, una thamani gani mbele ya mtu mwenye akili?

Nionavyo mimi, anayeuliza hivyo ametazama uwanja akasahau mtaa. Igoma ni mahali pa watu waliohamia. Huyu katoka Ukerewe, yule Sengerema, mwengine Magu au Mara, na ukoo wa kila mmoja umebakia nyuma. Katika mji wa namna hiyo hakuna anayejua babu yako ni nani. Mtu huulizwa mambo mawili: unafanya kazi gani, na wewe ni wa upande gani. Akishalijibu la pili, hapo hapo anapata ndugu nusu ya mtaa, na nusu iliyobakia inapata wa kumcheka. Timu yao ikifungwa, ndugu zake watamfariji kidogo; wale wa upande wa pili ndio watakaomtafuta asubuhi mpaka dukani, wamwite kwa jina, wamuulize kama amelala. Asiyetaniwa bado ni mgeni. Pamba isingeweza kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu, kwani lau wote wangekuwa wa Pamba, nani angemtania nani?

Wala si jambo jipya katika nchi ile. Kisesa, mwendo mfupi tu kutoka Igoma, ipo makumbusho ya Bujora, na kila mwezi wa Juni hufanyika hapo sherehe ya Bulabo. Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimegawika pande mbili, Bagika na Bagalu, wafuasi wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, viwanja vikiwa jirani, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapana refa, miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Ndipo wachezaji wakaingia na nyoka mikononi, wengine wakarusha majembe juu na kuyadaka, na wote wakatafuta dawa ya kuvuta umati. Sisi wa visiwani tusijifanye tumeshangaa. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa watu wa pande mbili hupigana kwa mapande ya migomba kisha wakala pamoja, na mwambao mzima uliwahi kugawika kwa ngoma za beni.

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo lina uzito kuliko tunavyolitumia. Mtani wa asili si mtu wa kukuchekesha tu. Msiba ukitokea, ndiye aliyekuwa na wajibu wa kufanya kazi ambazo wafiwa wameshindwa kwa uzito wa majonzi, na alikuwa na ruhusa ya kufanya masihara mbele ya maiti, jambo ambalo mtu mwengine yeyote angefukuzwa kwalo.

Hapo pana pingamizi ambalo silipuuzi. Itasemwa kwamba utani wa mpira ni rahisi kwa kuwa hauna la kupoteza. Hakuna aliyenyang'anywa shamba kwa sababu ya bao la kuotea. Lakini tuutazame utani ulikotoka. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia za misafara, penye mizigo, ushuru na hofu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wanaitana watani. Utani haukuzaliwa na wepesi wa mambo. Waliouunda walikuwa na kila sababu ya kuogopana, wakapatana kwamba uadui una mahali pa kukomea, na mahali penyewe ni kaburini.

Sisi tunayo hesabu yetu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 palikuwa na vijiji vya Pemba ambamo mtu hakwenda kumzika jirani yake kwa sababu ya chama, wala hakununua katika duka lake. Watu walewale waliokuwa wakitaniana mpirani walisusiana jeneza. Palihitajika maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ili viongozi wakubali kukaa serikali moja, nasi tunajua jinsi mwafaka huo ulivyokuja kuvunjika na kuungwa upya. Siamini kwamba chama ni kitu kibaya na klabu ni kitu kizuri. Klabu nayo huweza kuoza, na dalili mojawapo nimeiona katika kamari ya mikeka iliyoenea mitaani. Mcheza kamari hana upande. Leo ataiwekea fedha timu ya jirani dhidi ya timu yake mwenyewe, na akishinda hana wa kumtania, maana hakumshinda mtu. Huyo ndiye ninayemwona mgeni pale Igoma, hata kama amezaliwa hapo.

Tofauti, kwa maoni yangu, imo katika kumhitaji mpinzani. Mshabiki wa Simba hataki Yanga ife. Ikifa, Jumatatu yake imekwisha. Mwanachama wa chama aghlabu hutaka, na husema kwa sauti, kwamba kile chengine kifutike. Mwenye kutaka jirani yake afutike hawezi kuona kwa nini aende kumchimbia kaburi.

Igoma yenyewe ina makaburi ambayo nchi nzima inayajua. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walikufa watu zaidi ya 800, na wengi waliotolewa majini bila ya kutambuliwa walizikwa hapo. Hakuna ajuaye nani kati yao alikuwa wa Simba na nani wa Yanga. Kila tarehe hiyo watu huja, husoma dua na sala, husafisha majani. Kisha hurudi barabarani, na kwenye vibanda vya chai unasikia mtu akiulizwa kama amelala.