Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Moyo Uko Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Tuseme ukweli leo. Tarawehe inaendelea, safu zimenyooka, mabega yamegusana. Lakini mmoja wetu yuko dukani anahesabu mzigo, mwingine anajibu meseji ya mchana, mwingine anawaza daku. "Aamin" tunaitikia wote kwa pamoja, ila ukimuuliza mtu imesomwa sura gani, hajui. Mwili uko msikitini, moyo umeshatoka zamani.

Wanazuoni wanazungumzia hudhuri ya moyo: ulipo mwili, na moyo uwepo hapo hapo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameieleza kwa kirefu kwenye mlango wa swala katika kitabu chake cha Ihyaa. Kuielewa si kazi. Kazi ni kuitenda. Na wengi tunajiuliza kimyakimya: haya mawazo yanakuja yenyewe, sikuyaita, sasa kosa langu liko wapi?

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amevaa shuka yenye nakshi. Jicho lake likaiangukia ile nakshi. Alipomaliza, akaagiza shuka irudishwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe ya Abu Jahm isiyo na nakshi, kwa sababu ile ilimshughulisha ndani ya swala.

Tazama alichofanya. Hakubaki na shuka ile akipambana na jicho lake kila swala. Aliiondoa. Na ametufundisha pia kwamba chakula cha jioni kikishatengwa na swala ikakimiwa, tuanze na chakula. Mwenye njaa atarukuu huku moyo uko kwenye sinia!

Kwa hiyo wazo lililopita bila kuitwa lisikukatishe tamaa. Urudishe moyo taratibu, uendelee. Lakini mlango ulioacha wazi mwenyewe, huo utaulizwa. Simu inayotetemeka mfukoni ndiyo shuka yetu ya nakshi.

Mtu atasema: "Sheikh, maisha yana mambo. Kuna ada ya shule, kuna kodi ya nyumba." Kweli kabisa. Uislamu haukukataza kuwaza kesho, maana hata akhera ni kesho. Ila kila jambo lina saa yake, kama swala tano zilivyo na nyakati zake. Baada ya Alfajiri kaa na daftari, lipangie deni lako kwa akili yote. Deni likiwazwa ndani ya sijda halipungui hata shilingi, na sijda nayo imekwenda.

Haya si ya msikitini tu. Imepokewa katika sifa za Mtume (s.a.w.) kwamba akimgeukia mtu, aligeuka mwili mzima. Sisi je? Mama anasimulia, macho yako kwenye simu: "Ee mama, nakusikia." Ndugu zangu, ziko nyumba mwaka huu ambazo mkeka wa futari umepungua mtu. Waliobaki wangetoa chochote wapate jioni moja tu ya kusikiliza kisa kile kile walichokuwa wanakichoka.

Na mchana wa saumu, tunaupitisha kwa usingizi na video huku tukiulizana, "Bado saa ngapi?" Saa hizo tunazotaka ziishe upesi ni umri wetu.

Zoezi la leo:
1. Ukienda Isha, simu iache nyumbani. Fika dakika tano kabla ya ikama, ukae kimya.
2. Ukifungua, tende ya kwanza itafune taratibu. Omba dua yako. Halafu watazame uliokaa nao.
3. Dada unayekaanga sambusa jioni hii, ihuishe nia ya kuwalisha waliofunga. Hapo hapo jikoni uko kwenye ibada.

Ewe Mola wetu, zihudhurishe nyoyo zetu mbele yako, na usitufanye katika walioghafilika. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako.