Kusamehe Hakuanzi kwa Amri



Mara nyingi tunapomshauri mtu aliyeumizwa, neno letu la kwanza ni, "Samehe, yaishe." Hapa Tunduma twamwambia hivyo mfanyabiashara aliyedhulumiwa na mwenzake wa Nakonde, twamwambia hata mama anayepigwa nyumbani kwake. Naye huitikia, lakini usiku hapati usingizi.

Tumkumbuke Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akaikimbia nchi. Huko ugenini aliona kwamba uchungu alio nao juu ya Idi Amin unamla yeye mwenyewe. Akamsamehe, hata akaandika kitabu kiitwacho I Love Idi Amin. Hata hivyo hakuacha kuutangaza uovu wa utawala ule.

Basi kusamehe si kusema kwamba kosa halikuwapo, wala si kumrudisha mtu chini ya fimbo. Mshauri na aanze kwa kusikiliza, na ahakikishe kwamba mwenzake yu salama. Akimwona hana hamu ya chakula, au anasema heri afe, amsindikize hospitali; huko si kupungukiwa imani. Msamaha huponya unapotolewa na mwenye jeraha kwa hiari yake. Tukiudai kabla ya wakati, twamwongezea mzigo wa pili.

Je, ni nani katika mtaa wetu anayengoja kusikilizwa kwanza?