Neno la Kitambaa

Nataka kuwauliza neno moja: Je, mtu asiyesema uongo kwa kinywa, aweza kuusema kwa kitambaa?

Usharika wetu hapa Tunduma ulikuwa na motokaa ya zamani, Land Rover, ya namna ile iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Wazee wa kanisa walikata shauri iuzwe, ili fedha zake zinunue mabati ya nyumba ya mafundisho. Mnunuzi akapatikana, mtu wa Vwawa. Walakini motokaa ile ilikuwa na kasoro: kila asubuhi gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa mafuta upande wa ndani. Fundi alikuwa amekwisha kutia sili mpya, lakini baada ya siku chache mafuta yakatoka tena.

Siku ya kuja mnunuzi naliamka mapema, nikatwaa kitambaa, nikafuta gurudumu hata likang'aa. Moyoni nalisema, "Asiponiuliza, sitakuwa nimemdanganya. Tena fedha si zangu, ni za kazi ya Mungu."

Tazameni, ndugu, jinsi moyo ulivyo wakili hodari! Mtume Paulo, katika Warumi mlango wa 3, alikataa kabisa shauri la kutenda mabaya ili mema yapatikane. Naye Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, akieleza amri ya saba ikatazayo wizi, hamtaji mwizi wa usiku peke yake. Amtaja na yule apataye mali ya jirani kwa bidhaa mbovu.

Na jirani yangu angepatwa na nini? Mafuta yale hayadondoki chini tu, bali huingia katika breki, na breki iliyolowa mafuta haishiki. Atokaye Vwawa kwenda Mbeya hupita mlima Senjele, katikati ya malori mazito. Kitambaa changu kingemwambia mtu yule, "Motokaa hii ni nzima," naye angeliamini neno hilo, akawapandisha watoto wake.

Basi alipofika, nalimwonyesha kitambaa chenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, twende pamoja kwa fundi."

Fundi aliinua ekseli kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akaondoa gurudumu. Sili haikuwa na kosa. Ndipo alipotazama juu ya ekseli, penye tundu dogo la kupumulia, akaliona limezibwa na udongo mkavu. Akatueleza ya kuwa motokaa ikienda mbali, difu hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ikikosa njia ya kutoka juu, huyasukuma mafuta yapite kwenye sili. Akalizibua tundu, akabadili vipande vya breki vilivyolowa, akatia mafuta mapya mpaka ukingo wa tundu la kujazia, wala si zaidi.

Nami nikasimama pale nikiwaza: kumbe asubuhi ile nami nalikuwa naziba tundu. Mtu azuiaye ungamo hakuondoa kosa. Amelitafutia mlango mwingine wa kutokea, na mara nyingi hutokea mahali pa kumwumiza mwenzake.

Mnunuzi alipunguza bei kwa kadiri ya gharama ya fundi. Mabati hayakutosha. Upande mmoja wa nyumba ya mafundisho haujaezekwa hata leo, na mvua inyeshapo wanafunzi wa ubatizo husogeza mabenchi yao. Mzee mmoja aliniuliza kama sijuti. Nalimjibu kwamba mvua ile yanisikitisha kweli. Lakini nisikiapo habari ya ajali mlimani Senjele, nawaombea waliopatwa, wala dhamiri hainiambii kwamba ni kazi ya mkono wangu.

Basi, wazee na walimu, tuuzapo ng'ombe, mahindi, au motokaa, na tujiulize: Kinywa changu kinyamazapo, mkono wangu unasema nini? Bwana atujalie mikono isemayo kweli. Amina.