Kondo la Nyuma: Lizikwe au Litibu?

Ndugu Waislamu, kondo la nyuma twalizika kwa kumheshimu mwanadamu, na ada hiyo ni njema. Lakini tangu mwaka 1910, alipoandika habari zake tabibu John Davis wa Baltimore, Marekani, utando wake mwembamba umetumiwa kufunika majeraha. Leo mama hupimwa maradhi, na utando huoshwa, hugandishwa, ukawafaa walioungua na wenye vidonda vya macho. Je, kumtibu aliye hai si heshima pia? Wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi, Jedda, mwaka 1988 walijuzisha kupandikiza viungo kwa masharti, wakakataza kuviuza. Basi mama na aombwe idhini kwanza. Kuuchukua kwa siri, kisha kuufanyia biashara, ni dhulma.